Tiketi rahisi ya ndege yaweza kula faida ya mfanyabiashara

Wafanyabiashara wengi wa Arusha wanaopanda ndege kufuata bidhaa Dar es Salaam, Dubai au Guangzhou humuuliza wakala wa tiketi swali moja tu: nauli ni kiasi gani? Zamani swali hilo lilitosha. Tiketi ilikuwa kitu kimoja, ndani yake mna kiti, mzigo, chakula na nafasi ya kubadili siku ya safari. Siku hizi halitoshi. Nauli inayotajwa kwanza mara nyingi ni bei ya kiti kitupu. Kila kilichobaki kina bei yake, na bei hiyo aghalabu haifuati gharama ya kukitoa.

Kwa mwenye mtaji mdogo, jambo hili si la kupuuza. Mathalani, mtu anayeleta viatu vya dola 1,500 akitarajia faida ya dola 300, akitozwa dola 120 za mzigo wa ziada uwanjani, amekwishapoteza asilimia 40 ya faida yake kabla hajafungua hata boksi moja. Duka halijauza, lakini shirika la ndege limekwishauza.

KILO MOJA, VIWANJA VIWILI

Mantiki ya bei hizi inaonekana vizuri katika viwanja viwili vinavyohudumia eneo la Mlima Meru.

Uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, magharibi mwa jiji, uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia haifiki kilomita mbili. Ndege zinazotoka hapo kwenda Serengeti na mbuga nyingine ni ndogo, kama Cessna Caravan inayobeba abiria wapatao kumi na mbili. Kwa kawaida abiria huruhusiwa kilo 15 tu, tena katika begi laini linaloweza kubanwa. Katika mwinuko huo, na hasa jua likiwa kali, hewa ni nyepesi na ndege hupata shida kunyanyuka. Kilo zikizidi, lazima mafuta au abiria wapungue. Ndiyo maana mwenye mzigo mkubwa anaweza kuambiwa alipie kiti cha pili. Bei hiyo ni kali, lakini ina msingi, kwa kuwa inafuata uzito wenyewe.

Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Arusha na Moshi, hali yake ni tofauti. Uko chini zaidi, mita 894 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.6. Ndege kubwa huondoka hapo bila shida ya kilo moja moja. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na watu wa fani hiyo, uzito wa ziada hula mafuta ya asilimia 3 hadi 4 ya uzito huo kwa kila saa ya safari. Begi la kilo 23, kwa safari ya saa moja hadi Dar es Salaam, hutumia mafuta ya takriban lita moja tu. Hata ukiongeza ujira wa wapakiaji, gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na bei inayotozwa kwa begi.

Basi bei ya begi pale KIA inatokana na nini? Inatokana na mnunuzi mwenyewe: analihitaji begi kiasi gani, na amechelewa kiasi gani kulinunua. Begi lilelile huuzwa kwa bei nafuu likilipiwa pamoja na tiketi, na kwa bei ya juu likilipiwa kwenye mizani siku ya safari. Uzito ni uleule na ndege ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mbele ya mizani abiria hana mahali pengine pa kwenda.

VITI HUUZWA KWA MAFUNGU

Mtu anayejua soko la Tengeru anajua fungu la nyanya. Mashirika ya ndege nayo huuza viti kwa mafungu. Viti vya daraja la kawaida, vinavyofanana kwa kila hali, hugawanywa katika mafungu mengi, kila fungu likiwa na herufi yake na bei yake. Fungu la bei ya chini likiisha, kompyuta hupanda hadi linalofuata. Kwa hiyo abiria wawili waliokaa bega kwa bega huenda mmoja amelipa mara mbili ya mwenzake.

Utaratibu huu ulisukwa Marekani baada ya serikali ya huko kuacha kupanga nauli mwaka 1978. Lengo ni kumtenga anayeweza kulipa zaidi na asiyeweza. Anayenunua mapema na kukubali masharti magumu hupewa bei ndogo. Anayekuja dakika za mwisho kwa sababu ya kikao au msiba hulipa bei kamili.

Hapa ndipo penye mtego ambao wengi hawaujui. Chukulia watu wanne wa familia moja wanataka kusafiri pamoja. Fungu la shilingi 150,000 limebakiwa na viti viwili, na linalofuata ni la shilingi 210,000. Wakiomba viti vinne kwa mpigo, mifumo mingi ya uuzaji hutafuta fungu moja lenye viti vyote vinne, hivyo wote hutozwa 210,000, jumla shilingi 840,000. Wakinunua viwili kwanza, kisha viwili, watalipa 300,000 na 420,000, jumla shilingi 720,000. Tofauti ni shilingi 120,000 kwa viti vilevile. Tahadhari moja ni kwamba tiketi zitakuwa katika kumbukumbu mbili, hivyo wakala aombwe aziunganishe ili safari ikivurugika wasitenganishwe.

Msimu nao una sehemu yake. Watalii wanaopanda Meru na Kilimanjaro au kwenda mbugani hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Miezi hiyo mafungu ya chini huisha mapema. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hukaa muda mrefu zaidi. Mfanyabiashara anayeweza kuchagua tarehe ya kufuata mzigo ana faida ambayo mtalii mwenye likizo hana.

HESABU YA VIFURUSHI

Kama kampuni za simu, mashirika ya ndege sasa huuza vifurushi: cha chini chenye kiti na begi dogo la mkononi, cha kati chenye mzigo, na cha juu chenye mzigo na haki ya kubadili siku. Majina hutofautiana, lakini mpango ni mmoja.

Kwa nini kifurushi, badala ya kuuza kila kitu peke yake? Chukulia wateja wawili wa KIA. Mmoja ni mnunuzi wa tanzanite anayekwenda Jaipur. Bidhaa yake inaingia mfukoni, ila hajui lini biashara itakamilika. Kwake begi lina thamani ya dola 20 tu, lakini haki ya kubadili siku ina thamani ya dola 60. Wa pili ni mwenye duka la viatu jirani na soko la Kilombero. Kwake begi lina thamani ya dola 60, na kubadili siku dola 20. Shirika likiuza kila kitu peke yake kwa dola 60, kila mteja atanunua kimoja tu, mapato dola 120. Likifunga vyote viwili pamoja kwa dola 80, wote watanunua, mapato dola 160. Gharama karibu haijaongezeka. Hiyo ndiyo siri ya kifurushi: humfanya kila mteja alipie kidogo kile asichokihitaji sana.

Mnunuzi naye anaweza kupiga hesabu. Chukulia kifurushi cha chini ni shilingi 180,000, begi la kununua pamoja na tiketi ni 60,000, na begi hilohilo uwanjani ni 100,000. Kifurushi cha kati chenye begi ni 220,000. Mwenye mzigo akichukua cha chini kisha akaongeza begi, atalipa 240,000, au 280,000 akisubiri hadi uwanjani. Tiketi "rahisi" imemzidishia shilingi 20,000 hadi 60,000. Kwa mnunuzi wa tanzanite asiye na begi, tiketi ya 180,000 ni rahisi kweli.

Kifurushi cha juu kinahitaji uangalifu zaidi. Chukulia ni shilingi 300,000, yaani 80,000 zaidi ya cha kati, na kinasema kubadili siku ni bure. Mara nyingi kilicho bure ni ile ada ya kubadili tu, mathalani shilingi 50,000. Tofauti ya nauli, endapo siku mpya fungu la chini limekwisha, bado abiria hulipa. Kwa hali hiyo, atakayebadili mara moja ametoa shilingi 80,000 ili aokoe 50,000. Kifurushi hicho humfaa anayetarajia kubadili zaidi ya mara moja, au kama kina haki ya kurudishiwa fedha safari ikifutwa. Haki hiyo isomwe kwenye masharti yenyewe. Tangazo pekee lisitegemewe.

NYONGEZA ISIYO KODI

Chini ya nauli kuna orodha ya tozo ambazo abiria wengi huziita zote kodi. Si zote. Kuna za serikali na viwanja, kama ada ya huduma za kiwanja ambayo kisheria ni shilingi 10,000 kwa safari za ndani na dola 40 kwa safari za nje. Ada hizo hazipungui nauli inapopungua. Kwa tiketi ya shilingi 320,000, shilingi 10,000 ni kama asilimia 3. Kwa tiketi ya shilingi 32,000 ni asilimia 31. Ndiyo sababu tangazo la nauli ndogo "kabla ya kodi" lisomwe hadi mwisho.

Zipo pia tozo zenye alama za YQ au YR. Hizi huwekwa na shirika lenyewe, mara nyingi kwa jina la mafuta, na fedha hubaki kwa shirika. Mashirika yalizipenda kwa sababu tangazo la nauli huonekana dogo, na pia kwa sababu kamisheni ya wakala aghalabu ilihesabiwa kwenye nauli ya msingi peke yake. Kwa abiria jambo la maana ni marejesho. Tiketi isiyotumika, hata ile isiyorudishiwa nauli, mara nyingi huruhusu kudai ada za serikali na viwanja. YQ na YR kwa kawaida hufuata masharti ya nauli. Wengi huacha fedha hizo kwa kutojua.

MZIGO WA ZIADA AU KARGO?

Mashirika mengi makubwa huhesabu mizigo kwa vipande, kila kimoja kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Katika mfumo huu, mwenye ruhusa ya vipande viwili akibeba begi moja la kilo 30 anaweza kutozwa faini ya uzito, wakati mwenzake mwenye mabegi mawili ya kilo 20, jumla kilo 40, hatozwi chochote. Kugawa mzigo ni fedha.

Mfumo wa zamani wa kilo una kioja kingine. Kanuni iliyozoeleka ilikuwa kutoza kila kilo ya ziada asilimia 1.5 ya nauli kamili ya daraja la kawaida, ile ambayo karibu hakuna anayeilipa. Nauli kamili ikiwa dola 800, kilo moja ni dola 12, hata kwa aliyenunua tiketi ya dola 350. Kilo kumi zikizidi, ni dola 120, yaani zaidi ya theluthi ya tiketi yake.

Kargo ina kanuni yake. Hutozwa uzito halisi au uzito wa ujazo, utakaokuwa mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Boksi la viatu lenye sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni kilo 20 za kargo, hata kama kwenye mizani lina kilo 12. Boksi hilohilo, jumla yake ikiwa sentimita 150, linapita kama kipande kimoja cha abiria. Kwa ufupi, bidhaa nyepesi zenye kujaza nafasi zinafaa kuingia katika ruhusa ya abiria, na bidhaa nzito zilizoshikana, kama vipuri, zikizidi ruhusa hiyo zipimiwe bei ya kargo kwanza.

KIA AU NAIROBI?

Wapo wanaopitia Namanga kwenda kupanda ndege Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 270 kutoka Arusha. Hata sehemu ya maua na mboga za mashamba ya ukanda wa Usa River na Tengeru imekuwa kwa miaka mingi ikipelekwa kwa barabara hadi uwanja wa Jomo Kenyatta. Sababu ni ushindani: mashirika ni mengi zaidi, na bei hufuata ushindani kuliko umbali. Hata hivyo, nauli ya Nairobi ilinganishwe na ya KIA baada ya kuongeza basi la kwenda na kurudi, malazi endapo ndege ni ya alfajiri, na gharama ya kuvusha bidhaa mpakani wakati wa kurudi. Bila jumla hiyo, ulinganifu ni wa kujidanganya.

KWA WENYE HISA

Mwekezaji mdogo naye ana la kujifunza. People Express ya Marekani, iliyoanza kuruka mwaka 1981, iliuza nauli ndogo sana na kutoza dola 3 kwa kila begi. Mwaka 1985 American Airlines ilijibu kwa mafungu: viti vichache vya bei ndogo kwa wanaonunua mapema, huku wanaochelewa wakiendelea kulipa bei kamili. Mwaka 1987 People Express ilimezwa na Continental.

Tanzania imeona yake. Precision Air ilianzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya mwanzilishi wake Michael Shirima, ikirusha watalii kwa ndege ndogo. Mwaka 2011 iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 475 kila moja na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Novemba 2012 iliingia fastjet, ikiruka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza kwa nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na mambo mengine yakilipiwa kando. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2013, Precision ilitangaza hasara ya takriban shilingi bilioni 30. Lakini fastjet nayo haikudumu. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) iliizuia kuruka, ikiwa na madeni.

Somo ni la hesabu. Chukulia ndege ya viti 120 ambayo safari moja hugharimu shilingi milioni 10. Abiria 84, kila mmoja akileta nauli ya 90,000 na nyongeza za 20,000, huingiza shilingi 9,240,000. Hasara ni 760,000. Nyongeza zikipandishwa hadi 25,000 kwa kila abiria, bado kuna hasara ya 340,000. Lakini wakiongezeka abiria wanane tu kwa bei za awali, mapato hufika 10,120,000 na safari inapata faida. Kwa hiyo anayesoma taarifa za shirika la ndege asivutwe na habari za mapato mapya ya mizigo na viti vya kuchagua. Aangalie kwanza asilimia ya viti vilivyojaa. Kisha aangalie deni na mafuta, ambavyo hulipwa kwa bei za dola wakati tiketi za ndani huuzwa kwa shilingi. Shilingi ikishuka, hakuna ada ya begi inayoziba pengo hilo.

LA KUFANYA KABLA YA KULIPA

Msafiri wa biashara anashauriwa kumuuliza wakala mambo matano: jumla ya mwisho pamoja na kodi na tozo zote, kilo au vipande vinavyoruhusiwa kwenda na kurudi, kwa kuwa mzigo huwa wakati wa kurudi, bei ya kipande cha ziada kikilipiwa leo na kikilipiwa uwanjani, ada ya kubadili siku, mbali na tofauti ya nauli, na kitakachorudishwa safari ikifutwa.

Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi moja, mashirika mawili au matatu yakilinganishwa, kisha jumla igawanywe kwa kilo atakazorudi nazo. Hapo tiketi itaonekana bei yake halisi, yaani shilingi ngapi kwa kila kilo ya bidhaa inayofika dukani. Kwa malalamiko, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga (TCAA-CCC). Lakini baraza haliwezi kumrudishia mtu fedha alizolipa kwa masharti aliyoyakubali bila kuyasoma.